Inchi 50 za Mlango wa Msitu

Leo nataka tuongee juu ya vigari vya porini, vidogo na vikubwa, na nitaanzia kwenye nguzo mbili za chuma.

Katika misitu ya serikali kuu ya Marekani, hasa majimbo ya milimani kama Utah na Idaho, kuna njia nyembamba zinazopanda katikati ya misonobari. Mwanzoni mwa baadhi ya njia hizo zimesimikwa nguzo mbili za chuma, au limewekwa geti jembamba, na pembeni kuna kibao: chombo cha moto kinachozidi upana wa inchi 50 hakiruhusiwi. Inchi 50 ni sentimita 127. Mwenye kigari cha upana huo anapita polepole, tairi la kushoto likiikosa nguzo kwa upana wa vidole, na la kulia hivyo hivyo. Mwenye kigari cha sentimita 163 anageuza. Pengine amelipa mara mbili ya mwenzake na injini yake ina nguvu mara mbili, lakini safari yake ya siku hiyo imeishia hapo.

Mimi naamini uamuzi wa kununua kidogo au kikubwa unapaswa kuanzia kwenye nguzo hizo. Watu wengi huanzia kwenye injini. Wanaulizana nguvu ya farasi, wanaangalia video za watu wakiruka matuta, kisha wanarudi nyumbani na chombo ambacho njia zilizo jirani nao hazikipokei. Wapo pia wanaokosea upande wa pili: wananunua chembamba kwa kuwa bei yake inafikika, halafu wanakiendesha kana kwamba ni kipana. Kosa hilo la pili ndilo linaloua watu, na nitalikalia kwa kirefu.

Kwa msikilizaji wa Singida au Lamu ambaye hajawahi kukiona chombo chenyewe: ni kigari cha magurudumu manne manene, chenye usukani wa duara kama wa gari, viti viwili vilivyo sambamba, mikanda ya usalama, na fremu ya mabomba ya chuma inayopita juu ya vichwa vya waliokaa. Hakina bodi ya kuwafunika. Injini mara nyingi iko nyuma ya viti, na katika vingi nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu kupitia beliti ya mpira inayojibana na kujiachia yenyewe, hivyo dereva habadilishi gia moja, mbili, tatu. Anachagua nzito, nyepesi au ya kurudi nyuma, basi. Wamarekani wanakiita saidi-bai-saidi, kwa vile dereva na abiria wanakaa ubavu kwa ubavu. Wakulima wao wana ndugu zake wa kazi, vyenye sanduku la mizigo nyuma; Kawasaki walitoa Mule yao mwaka 1988 na hadi leo utaikuta mashambani. Mimi leo nazungumzia vile vya matembezi.

Ameniandikia kaka mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Utah na familia yake. Anasema ameona viwili vilivyotumika, bei zake anazimudu kwa kujibana. Kimoja ni Polaris RZR 570, inchi 50. Kingine ni RZR XP 1000, inchi 64. Anataka Jumamosi awe anapanda milimani na mwanawe wa miaka tisa. Anauliza achukue kipi. Kaka, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipa, na majibu yangu hayatakuwa ya neno moja.

Kwanza tuelewe inchi 50 zilitoka wapi. Kabla ya vigari hivi, waliojaa misituni walikuwa watu wa pikipiki za magurudumu manne, zile za kupanda kama farasi. Upana wake ulikuwa chini ya inchi 50, na wasimamizi wa misitu walipokuwa wakipanga njia ipi ipitwe na chombo gani, kipimo hicho kikawa mpaka. Mwaka 2005 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa kanuni iliyotaka kila msitu wake utaje waziwazi barabara, njia na maeneo yanayoruhusiwa vyombo vya moto, na kuyachora kwenye ramani. Ndiyo maana leo ukichukua ramani hizo, zinazotolewa bure, utaona njia zimewekewa alama kufuatana na aina ya chombo, na mojawapo ya mafungu ni lile la vyombo visivyozidi inchi 50.

Watengenezaji waliona nafasi. Mwaka 2007 Polaris, kampuni ya Minnesota, ilitoa RZR ya kwanza, ikiwa imepimwa makusudi ili upana wake uwe inchi 50 kamili. Sasa mtu aliweza kukaa na mwenzake ubavu kwa ubavu, kila mmoja na mkanda wake, wakapita njia iliyokuwa ya pikipiki za magurudumu manne. Iliuzwa sana. Lakini miaka michache tu baadaye, mwaka 2011, kampuni hiyohiyo ikatoa XP 900 ya inchi 64, kwa sababu wateja wa jangwani walitaka kwenda kasi zaidi na kuruka zaidi. Toka hapo upana haukurudi nyuma. Zikaja za inchi 72, zikaja za 74. Can-Am Maverick R, ya mwaka wa modeli 2024, ina inchi 77. Hizo ni karibu sentimita 196, ndugu msikilizaji: ni pana kuliko Toyota Prado ya mwaka 2010, yenye sentimita 188 na nusu, na injini ya Maverick hiyo, yenye sentimita za ujazo 999 tu, imeongezewa turbo hadi kutoa nguvu ya farasi 240.

Kwa hiyo tunaposema kidogo na kikubwa, tofauti imeshakuwa ya mbali. RZR 570 ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 9,999, ina nguvu ya farasi kama 45, na uzito wake ni kiasi cha kilo 450. XP 1000 ya modeli ya 2014 ilianzia dola 19,999, nguvu yake imevuka farasi 100, na uzito umevuka kilo 600. Shokapu za ile ndogo huruhusu gurudumu kupanda na kushuka sentimita 23 hivi. Za ile kubwa ni sentimita 41 mbele na 46 nyuma. Ukipita juu ya jiwe la ukubwa wa kichwa kwa kigari kidogo, kiuno chako kitajua. Kwa kikubwa, mikono itasikia kitu kidogo kwenye usukani na mwili utaendelea na safari. Sitaki kumdanganya kaka yangu kwamba kikubwa hakina raha. Kina raha sana.

Ila raha hiyo inahitaji mahali. Yeye yuko Utah. Katikati ya jimbo lake kuna mzunguko unaoitwa Paiute, njia kuu yake ni kiasi cha kilometa 440, inapita msituni na kushuka hadi kwenye miji midogo kama Marysvale, ambako unaingia na kigari chako hadi kituo cha mafuta na mgahawani. Baadhi ya vijia vyake vimewekewa mpaka wa inchi 50. Anayeishi hapo na anapenda misitu, kigari chembamba kinamfungulia milango mingi. Angekuwa West Virginia, ningeongea lugha nyingine. Huko kuna njia za Hatfield-McCoy, zilizofunguliwa mwaka 2000, zimepita kilometa 1,600, nyingi zikiwa kwenye ardhi ya kampuni za makaa ya mawe na za mbao kwa makubaliano maalumu, na kigari kipana kinakubalika kwa kiasi kikubwa. Angekuwa Minnesota angekuta sheria imegawa madaraja mawili: hadi inchi 50, na kutoka hapo hadi inchi 65. Huko kigari cha inchi 64 kinaingia daraja la pili bila ugomvi, na cha 72 kinabaki nje ya yote mawili.

Mtu anaweza kusema, nguzo zikinizuia nitazunguka pembeni. Nimesikia hayo yakisemwa na yananiuma. Kigari kipana kikilazimishwa kwenye njia nyembamba kinachubua magome ya miti, kinabomoa ukingo wa chini wa njia, na mvua ikinyesha maji yanapata mfereji mpya. Msimu ukiisha, wasimamizi wanaifunga njia kwa wote, pamoja na yule wa baiskeli na yule wa miguu. Aliyetaka kupita mara moja amewanyima wenzake miaka.

Sasa nije kwenye lile kosa linaloua.

Yamaha ilitoa Rhino mwaka 2003, kabla ya RZR. Ndiyo iliyowafungulia watu wengi macho kwamba kigari cha ubavu kwa ubavu kinaweza kuwa cha matembezi, si cha shamba tu. Ilikuwa nyembamba na imesimama juu, upana wake ni sentimita 138 hivi. Machi 2009, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza pamoja na Yamaha mpango wa matengenezo ya bure kwa Rhino zilizokuwa mikononi mwa watu, na wenye nazo wakaambiwa waache kuziendesha mpaka zitengenezwe. Tume ilikuwa imechunguza matukio zaidi ya 50, na ndani yake walikufa madereva na abiria 46. Zaidi ya theluthi mbili ya matukio hayo yalikuwa ya kupinduka. Wengi hawakuwa wamefunga mikanda. Na kuna sentensi katika taarifa ile ambayo kila mnunuzi wa kigari chembamba angepaswa kuijua maana yake: mengi ya matukio ya kupinduka yalionekana kutokea wakati wa kukata kona, kwa mwendo mdogo kiasi, kwenye ardhi tambarare.

Tambarare, ndugu msikilizaji. Si kwenye genge. Ni uwanjani, mtu anageuza kigari arudi alikotoka.

Matengenezo yenyewe yanafundisha kuliko hotuba. Mafundi walifunga spesa kwenye magurudumu ya nyuma, yaani pete nene za chuma zinazosukuma gurudumu nje, ili nyuma iwe pana zaidi. Wakaondoa fimbo ya stabilaiza ya nyuma, ile inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, ambayo ilikuwa inaifanya nyuma iwe ngumu na kuchomoka kwenye kona. Pia nusu milango na vishikio vya ziada vya abiria viliendelea kufungwa. Kwa maneno mengine, tiba ilikuwa kupanua kigari na kuwaweka watu ndani yake.

Hesabu yake ni nyepesi, tuifanye pamoja. Chukua nafasi kati ya katikati ya tairi la kushoto na katikati ya tairi la kulia, igawe kwa mbili. Jibu ligawe kwa kimo ambacho uzito wa chombo umekaa juu ya ardhi. Kigari cha inchi 50 chenye matairi ya upana wa sentimita 25 kina sentimita 102 kati ya matairi. Nusu yake ni 51. Tuseme kwa mfano uzito umekaa sentimita 65 juu ya ardhi. Unapata 0.78. Maana yake kikisimama kwenye mteremko wa ubavuni, kinaanza kupinduka kikifika nyuzi 38 hivi. Cha inchi 64, kwa kimo hichohicho cha uzito, kinapata kidogo juu ya 1, na kinavumilia nyuzi zaidi ya 46. Hii ni hesabu ya chombo kigumu kama sanduku; cha kweli kina shokapu zinazolala upande mmoja, kwa hiyo kinapinduka mapema kuliko hapo. Sasa mtu anafunga matairi makubwa kupendezesha, uzito unapanda sentimita tano. Kile chembamba kimeshuka hadi nyuzi 36. Anaongeza kapu la mizigo juu ya paa na kuweka humo gurudumu la akiba. Zinashuka tena. Hajaendesha hata mita moja.

Na kona ni mteremko mwingine usioonekana. Unapokata kona kwa kasi, mwili wako unavutwa nje na uzito wa kigari unavutwa hivyo hivyo. Kwenye changarawe, chembamba kinaweza kuteleza kidogo na ukapona. Lakini tairi la nje likiteleza hadi likagonga ukingo, jiwe au mtaro wa matairi ya wenzako waliotangulia, kuteleza kunakatika ghafla na kupinduka kunaanza. Ndiyo maana ajali nyingi za vigari vyembamba zinamshangaza hata dereva mwenyewe. Hakuwa anakimbia.

Hapa kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tuliokulia kwenye pikipiki na bodaboda. Pikipiki ikilala, mguu unatoka wenyewe kuizuia. Mkono unanyooka. Ni silika iliyotuokoa mara nyingi, na kwenye kigari hiki inakata viungo. Kikianza kulala upande wa kulia, abiria wa kulia anatoa mguu kukanyaga ardhi, au anashika bomba la fremu lililo juu ya kichwa chake kwa vidole vikiwa upande wa nje. Mamia ya kilo yanashukia mguu ule na vidole vile. Nusu mlango, wavu wa pembeni na kishikio kilicho mbele ya abiria vimewekwa kwa sababu hiyo tu: mikono iwe na pa kushika ndani, miguu isipate pa kutokea. Ukikagua kigari kilichotumika ukakuta wavu umetolewa kwa kuwa mwenyewe aliona unamchelewesha kupanda na kushuka, urudishe kabla hujawasha injini.

Kwa hiyo je, tununue kipana tuwe salama? Laiti ingekuwa hivyo. Upana unakupa uimara ule wa kusimama, kisha injini inauchukua wote na kuomba zaidi. Kigari cha nguvu ya farasi 45 msituni kinakuchosha kukikimbiza. Unakanyaga mafuta hadi mwisho na bado uko kwenye mwendo ambao macho yanaweza kuufuata. Cha farasi 100 na zaidi, shokapu zimemeza mashimo, huhisi mwendo, na mara unaikuta kona mbele yako kwa kasi uliyodhani ni nusu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Kidogo kinapinduka kwa mwendo mdogo kikakulaza ubavu. Kikubwa kinapinduka kwa mwendo mkubwa na kubiringika mara kadhaa. Kwa mtu anayeanza, mimi napendelea kile kinachomlazimisha kwenda polepole, mradi ajue kwa nini aende polepole.

Jangwani habari ni nyingine kabisa, na nalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Muscat na Sur, kule Oman, maana nao wanatusikiliza na vigari hivi huko wanavikodi kila msimu wa baridi. Kwenye mchanga wa Wahiba, matuta yakiwa na kimo kinachofika mita 100, kigari kidogo kinakuwa taabu. Mchanga unakula nguvu. Unaanza kupanda tuta na farasi 45, katikati ya ukuta injini inakata pumzi, kigari kinasimama. Asiyejua anageuza usukani ili ashuke mbele kwa mbele, na sekunde ile ubavu unapoelekea bondeni, kimeshakuwa kwenye ule mteremko wa hesabu yetu. Anabiringika hadi chini. Kikisimama, shuka kinyumenyume, usukani umenyooka, ukirudi kwenye alama za matairi yako mwenyewe. Na kwa mchanga wa namna hiyo, kigari kipana chenye nguvu ndicho sahihi. Hakuna miti, hakuna nguzo, na nguvu inakuwezesha kufika kileleni bila kulazimika kugeuza katikati. Ila kileleni usiruke usichokiona. Kwenye matuta ya California kila kigari hufungwa mlingoti mrefu wenye bendera, ili aliye upande wa pili akuone kabla hujatokea.

Mafundi wa jangwani watakwambia pia juu ya beliti. Ukienda polepole kwenye mchanga mzito ukiwa umeweka gia nyepesi, beliti inateleza, inapata moto, inanuka mpira ulioungua, kisha inakatika. Weka gia nzito mapema. Beba beliti ya akiba na spana zake, na ujifunze kuibadilisha nyumbani, kwenye kivuli.

Gharama nyingine nitazipita haraka. Kigari cha inchi 50 watu wengi wanakipandisha nyuma ya pikapu kubwa ya Kimarekani, kwa shida kidogo, mlango wa nyuma ukiwa wazi na mikanda ya kufungia imekazwa. Cha inchi 64 na kuendelea kinataka tela, tela linataka mahali pa kulaza, na nyumba nyingi za kupanga hazina. Matairi ni ghali zaidi, beliti ni ghali zaidi. Kaka, hizi zijumlishe kabla hujalinganisha bei mbili ulizoandikiwa.

Sasa mtoto. Hapa naomba uniwie radhi, maana sitakupa jibu ulilotaka.

Watengenezaji wameweka kipimo kwa abiria ambacho hakitazami miaka tu. Abiria akae mgongo umegusa kiti, mkanda umefungwa, miguu yote miwili ikanyage sakafu kwa wayo mzima, na mikono ifikie kishikio bila kuinama mbele. Mweke mwanao kwenye kiti cha abiria kigari kikiwa kimezimwa, umwangalie miguu. Ikiwa inaning'inia, au inafika kwa ncha za vidole tu huku kiuno kimeteleza mbele, basi kigari kikiruka jiwe hana kinachomshikilia isipokuwa mkanda uliokatwa kwa mwili wa mtu mzima. Atateleza chini ya mkanda ule. Watoto wengi wa miaka tisa hawafiki. Na hapo hakuna tofauti ya kidogo na kikubwa, vyote viwili vitamsubirisha. Usimweke mapajani, usifunge watu wawili kwa mkanda mmoja, usimkalishe kwenye sanduku la nyuma. Akifika kipimo, mvalishe helmeti inayomkaa sawasawa. Sheria ya Utah inaidai kwa kila aliye chini ya miaka 18 kwenye ardhi ya umma. Nawe mwenyewe, tangu 2023 jimbo lako linamtaka mtu mzima anayeendesha vyombo hivi kwenye ardhi ya umma apitie mafunzo mafupi ya mtandaoni. Yapitie na mkeo, maana siku moja ndiye atakayekirudisha kigari mjini wewe ukiwa umeteguka mguu.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa Utah, kwa misitu na kwa dereva anayeanza, ni hiki cha inchi 50. Kabla hujalipa, kodi kimojawapo cha kila aina kwa siku moja moja. Moab na miji mingine ya jimbo lako ina wakodishaji. Ukiona moyo wako uko kwenye majangwa ya wazi na si kwenye miti, utakuwa umejua kwa fedha ndogo, na chukua kile kipana bila kujilaumu.

Ukienda kukikagua hicho chembamba, nenda na futi kamba. Usipime fremu, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia, mbele na nyuma. Vigari vingi vilivyotumika vimefungwa spesa au rimu za kutokeza nje, na kilichotoka kiwandani na sentimita 127 utakikuta na 137. Hapo una maamuzi mawili tofauti. Ukiziacha spesa, kimekuwa imara zaidi na nguzo hazikipitishi. Ukizitoa, kinapita, na kimerudi kwenye nyuzi zake za mwanzo, kwa hiyo mwambie mwenye nacho akuoneshe matairi ya saizi ya kiwandani, usibaki na makubwa aliyoyaongeza. Inua gurudumu moja moja kwa jeki, litikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, kuna beringi au boljointi ya kulipia. Lala chini utazame viungio vya mikono ya magurudumu kama vimechomelewa upya. Kisha fungua sanduku la chujio la hewa, pitisha kidole upande unaoelekea injini. Kidole kikirudi na vumbi, injini hiyo imekuwa ikivuta mchanga, na hata akikupunguzia dola elfu moja, kiache hapo.